Walioachwa Mezani Antiokia

Feza mwanangu,

Mama yako atakupa karatasi hizi asubuhi, kabla hujabeba mabegi kwenda Queensburgh kwa MaNdlovu. Nimemkataza kukupa usiku huu, kwa sababu najua utakuja kugonga mlango, nami nikifungua mdomo nitafoka, na wewe utafoka, maana hicho kichwa chako ulikitoa kwangu, na jengo lote litaamka. Bora niandike. Mkono wangu huandika polepole mno, hauwezi kufoka.

Usicheke herufi zangu. Niliacha shule darasa la nne. Lakini zunguka mtaa wetu wote wa Albert Park hapa Durban unitafutie mtu mwingine wa darasa la nne aliyesoma Agano Jipya tangu mwanzo mpaka mwisho, akarudia, akarudia tena. Hayupo. Hawa wachungaji wenye suti za kung'aa, wanaohubiri kwa spika mpaka madirisha yanatetemeka, wengi wao wanajua mistari ya sadaka tu. Mimi nilisoma kwa kidole, neno kwa neno, na neno lililonishinda nilisimamisha mtu barabarani nikamwuliza. Nina haki ya kusema.

Habari za kufunga mlango kwa ufunguo, za wanaume wa Cape Town unakokwenda kusoma, za baridi ya kule, sitakuandikia. Mama yako amezisema zote na atazirudia kwenye simu mpaka uchoke. Mimi nataka kujibu neno lako. Wiki hii ulisimama mlangoni pa karakana yangu, hata kuingia hukuingia, ukasema: "Papa, siku ya safari nitakula kwa MaNdlovu kabla ya kupanda bus. Ukitaka kuniaga, uje tukule kule." Ukageuka, ukaenda.

Ulijua unachofanya. Kwetu mtoto haendi safari ndefu kabla ya kumega bugali kwenye sahani moja na baba yake. Mimi nilimega na wangu siku niliyotoka nyumbani, asubuhi, tumesimama, maana muda wa kukaa haukuwepo, na sikumwona tena. Sasa wewe umeichukua sahani hiyo ukaiweka juu ya meza ambayo siwezi kuikaribia. Umenitega. Na umenitega kama mtu aliyesoma, bila kupandisha sauti.

Basi acha nianze mbali, halafu utaona nimefika wapi.

Ulikuwa mgongoni kwa mama yako tulipopanga kile chumba ghorofa ya sita. Wakati ule vijana walikuwa wanapita mitaani wakifukuza wageni, wanavunja maduka ya watu, wanauliza watu majina ya vitu kwa Kizulu na ole wako usipojua. Walipofika jengo letu, MaNdlovu alitutoa chumbani kwetu, familia yetu na nyingine mbili, akatuingiza kwake. Mjane, mtu mzima, mume wake alikuwa mtunzaji wa jengo kabla ya kufariki. Akatufungia ndani. Kisha akachukua kiti, akakiweka nje ya mlango wake, akakaa, akaanza kufuma sweta. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango nimeziba mdomo wako kwa kiganja. Nikasikia viatu vinapanda ngazi. Nikamsikia akiongea nao Kizulu, sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza bei ya vitunguu. Baadaye nilimwuliza aliwaambia nini. Akasema aliwauliza wao ni watoto wa nani, mmoja mmoja. Walipoanza kutaja mama zao, miguu ikawa mizito.

Ni yeye aliyetuambia tuache kuimba chini ya mablanketi kama watu wanaoiba. Akasema njooni muimbe kwangu, mimi ninapenda sauti. Alikuwa na meza ndefu ya mbao iliyobaki kwenye hosteli moja iliyofungwa, ilijaza sebule yote. Kanisa letu lilianza kwenye meza hiyo. Leo watu wanasema lilianzishwa na Papa Feza. Mimi mwenyewe ndiye niliyewafundisha kusema hivyo.

Lakini mahubiri yalikuwa yangu, hilo hakuna wa kuninyang'anya. Unakumbuka nilivyohubiri Antiokia? Stefano amepigwa mawe kule Yerusalemu, watu wametawanyika, wanakimbia na vifurushi vyao. Wakimbizi, kama sisi. Wanafika Antiokia, mji mkubwa wa kila kabila, majengo yamebanana, maji hayatoshi, wachuuzi, wezi, kelele. Albert Park kabisa. Wengi wao wanasema habari ya Yesu na Wayahudi wenzao tu, wageni wanawapita. Lakini wako wachache, watu wa Kipro na watu wa Kirene, na Kirene iko Afrika, hapo nilikuwa napiga meza kwa kiganja na vikombe vinaruka, Waafrika hao na wenzao ndio walioanza kusema na Wagiriki. Na ni hapo, kwenye mji wa wageni, watu waliitwa Wakristo kwa mara ya kwanza. Sebule ya MaNdlovu nikaiita Antiokia. Watu walikuwa wanapanda zile ngazi, lifti imekufa tangu zamani, wanahema, wanasema wanakwenda Antiokia.

Na Paulo. Paulo alikuwa wangu kabisa. Fundi wa mahema, kama mimi. Nilikuwa nawaambia: nyinyi mnasoma barua zake, mimi najua mgongo wake ulivyomuuma. Ulipokuwa mdogo uliamini ni ndugu yetu aliyebaki Bukavu. Na nilikuacha uamini.

Ulipokua ukaanza kuniletea habari kutoka vitabu vya maktaba. Unakuja karakana baada ya shule, unakaa juu ya turubai zilizokunjwa, mimi nashona hema la msiba wa mtu, wewe unanisomea. Ulisema huenda Paulo alishona ngozi, au labda vitambaa vya kivuli vya sokoni, wenye elimu hawajakubaliana. Nikakuambia waje waone sugu zangu, sindano haiulizi. Ukacheka sana. Ulinisomea kwamba kwa miaka mingi mno hawakuwa na majengo ya kanisa, walikusanyika nyumbani mwa watu, vyumba vya kupanga juu ya maduka, karakana. Kwamba mtumwa na bwana wake walikaa chakula kimoja, jambo ambalo wakubwa wa Roma waliliona ni uchafu. Kwamba wengi hawakujua kusoma, barua ikifika anasimama mmoja anawasomea wote. Kwamba mama mmoja, Fibi, ndiye Paulo alimwandikia sifa aende Roma, na watu wengi wanaamini ile barua kubwa ya Warumi ilisafiri mkononi mwake. Kwamba baadaye tauni ilipoingia mijini, wao walikaa na wagonjwa, wakawapa maji, wengine wakafa nao. Wewe unasoma, mimi nashona. Nikawa najiambia: huyu mtoto nimemzaa mimi, fundi wa turubai. Hizo ndizo siku zangu nzuri, Feza. Sikukuambia wakati ule, nilikuwa na pini mdomoni.

Sasa nafika pale ulipotaka nifike.

Ulikuwa darasa la tano. Kanisa lilikuwa limeshajaa mpaka koridoni. Wakongo, Watanzania wawili watatu, na Wazulu wa jengo letu walioletwa na MaNdlovu. Nikawaandikia wazee wa kanisa kubwa la kwetu waje watutembelee. Wewe ulidhani niliwaita waje kuona kazi ya Mungu. Niliwaita waje waniwekee mikono kichwani nipate cheo. Watu walikuwa wananiita Papa Feza, na MaNdlovu peke yake aliniita Mfundisi, ndiyo mchungaji kwa Kizulu chake. Nilitaka kuitwa Mchungaji na watu wanaojua maana yake.

Wakaja wawili, na mikoba yao, na Biblia zenye zipu. Jumapili ile MaNdlovu alikuwa ametoka kijijini kwao, amefanya ile sherehe yao ya kumkumbuka mumewe. Mbuzi amechinjwa, jina la marehemu limetajwa, na mtoto wake wa kiume amevaa mkononi ule ukanda wa ngozi ya mbuzi wenye manyoya bado. Kila mwaka alifanya hivyo, na kila mwaka alituletea sehemu ya nyama kwenye sufuria kubwa, na kila mwaka tulikula. Mimi nilikuwa wa kwanza kuomba mfupa.

Tumemaliza kuomba, tumekaa mezani. Mzee mkubwa akaona ule ukanda wa ngozi mkononi mwa yule kijana, aliyekaa nasi. Akauliza nyama inatoka wapi. Nilikuwa na nafasi ya kujibu, maana aliuliza kwa Kiswahili na alinitazama mimi. Nikainama nikatafuta kijiko. MaNdlovu, ambaye kwa miaka yote ile alikuwa amejifunza Kiswahili chetu kwa kutusikiliza tunavyogombana, akajibu mwenyewe, anatabasamu: ni ya mume wangu, tumemkumbuka, karibuni.

Wale wazee wakaweka vijiko chini. Hawakusema neno baya. Walisimama, wakasema wataenda kupumzika chumbani kwetu, na kule chumbani mama yako alikuwa amewawekea kuku kwa heshima. Nikaona migongo yao inapita mlangoni. Nikahesabu haraka ni nini kitapotea. Kisha nikachukua sahani yangu, nikamwaga nyama kwenye sufuria, nikawafuata.

Nilipofika mlangoni MaNdlovu akaniita. "Mfundisi," akasema, "chakula iko mubaya?"

Nilisikia. Nilivuta mlango nyuma yangu.

Halafu wote wasio Wazulu wakafuata. Shemasi wetu, waimbaji, wale Watanzania. Mmoja baada ya mwingine wanaingia kile chumba kidogo, wanakaa kitandani, sakafuni, juu ya masanduku, wanakula kuku wa watu wawili. Hata mama yako alikuja. Mama yako, ambaye MaNdlovu alimkanda mgongo usiku wote alipopoteza mimba. Aliingia mwisho, hakula, alisimama ameegemea kabati. Ni wewe peke yako hukuja. Nilimtuma mtu akuite, akarudi akasema Feza anakula.

Nilipata cheo changu. Waliniwekea mikono jioni ile ile, mikono mizito, inanuka pilipili. Wiki iliyofuata tukapanga ukumbi, kwa sababu wazee walisema kanisa haliwezi kukaa kwenye nyumba ya mtu wa namna ile. MaNdlovu hakuja ukumbini, na Wazulu wote hawakuja. Hakuna aliyewafukuza. Hivyo ndivyo nilivyosema kwa miaka yote, hakuna aliyewafukuza. Yeye alikaa pale ghorofa ya sita akitusalimia kwenye ngazi kila asubuhi, sawubona, sawubona, mpaka mtoto wake alipopata kazi nzuri akamchukua Queensburgh. Siku ya kuhama wewe ulibeba masanduku. Mimi nilikuwa na kikao.

Na unajua mwisho wa cheo. Kanisa lilipokuwa kubwa, wale wale wazee wakaleta kijana mwenye Kifaransa kizuri, ana diploma, ana gari. Wakaniambia nipumzike, umri umekwenda. Kiti changu wakakisogeza safu ya pili, kisha ya tano, kisha siku moja nimekuta kimekaliwa na mtu wa kamera. Watu niliowapokea kituo cha bus wakiwa na mfuko mmoja wa plastiki, niliowapa turubai walale juu yake, leo tukikutana kwenye robot, zile taa za kuvukia barabara, wanatazama taa. Nimebaki na mashini yangu. Ijumaa mahema yangu yanapanda kwenye vilima vyote vya Durban, watu wanalilia wafu wao ndani ya mshono wangu, na mimi sina kanisa la kunizika. Sisemi unihurumie. Ninakuambia ili ujue nilinunua nini.

Sasa ile siku nyingine ya karakana, tuliyogombana. Barua yako ya chuo ilikuwa imefika, umekubaliwa kusoma historia ya kanisa la kwanza, nami nimejigamba mtaa mzima mpaka kinyozi akaniomba nipumzike. Jioni ukaja, ukakaa juu ya turubai kama zamani, nikakuambia nisomee kitu cha Antiokia. Ukafungua. Nilidhani utafungua Matendo. Ukafungua Wagalatia. Ukasoma jinsi Kefa, ndiye Petro, alivyokuwa akila pamoja na watu wa mataifa kule Antiokia, mpaka walipokuja watu kutoka kwa Yakobo, akajitenga, kwa kuwaogopa. Na wengine wakamfuata. Na hata Barnaba akachukuliwa.

Mashini ilisimama. Nikakuambia endelea. Hukuendelea. Ukasema: "Papa, hii mistari ulikuwaka unairuka. Miaka yote unahubiri Antiokia, unaishia pale tunaitwa Wakristo. Unasemaka wewe ni Paulo. Siku ile, Papa, haukukuwa Paulo."

Nikakufukuza. Nilisema maneno ambayo sitayaandika, na lile la mwisho, kwamba uende ukasome hiyo dini yako ya vitabuni kwa wazungu, ulilibeba ukatoka nalo. Tangu hapo tunapitana koridoni kama wapangaji.

Unataka kujua nilifanya nini baadaye? Nilijitetea. Mtu mkaidi hawezi kulala mpaka ashinde kesi, hata kama hakimu ni yeye. Nikaenda kwenye Wakorintho. Paulo anasema kula kila kiuzwacho sokoni bila kuuliza, lakini mtu akikuambia hii imetolewa sadaka, usile. Nikajipiga paja kwa furaha. MaNdlovu alisema mwenyewe! Nilitaka kukuamsha nikuonyeshe. Halafu nikakumbuka kwamba alisema mwaka uliotangulia pia, na mwaka mwingine kabla ya huo, na mimi nilikuwa naomba mfupa. Mbuzi hakubadilika, Feza. Walibadilika waliokuwa wananitazama.

Kwa hiyo ulikuwa na haki. Nimeandika mara moja, usitegemee nitaandika mara mbili.

Lakini sikubali yote. Nina neno juu ya Paulo wako, na unisikilize kwa sababu mtu anayejisifu anamjua mwenzake. Ile barua inasema, nilimpinga uso kwa uso. Sawa. Aliandika yeye. Petro hakuandika jibu, au jibu lake halikufika. Wewe mwenyewe uliwahi kuniambia kuna wasomi wanaodhani Paulo alishindwa siku ile, kwamba kanisa la Antiokia lilibaki upande wa Petro na yeye akaondoka kwenda kwingine, ndiyo maana hasemi mwisho wake. Naamini. Mtu aliyeshinda angesema. Mimi nimeshinda vitu vichache maishani na vyote nimevisema.

Kitu kinachonichoma ni kingine. Nimesoma ile sehemu sasa mpaka ukurasa umelegea. Kefa yumo, ana jina. Barnaba yumo. Yakobo yumo. Paulo, usiulize. Hata Tito ametajwa pale juu. Lakini wale waliokuwa wanakula na Petro, wakamwona anainuka, wakabaki wanatazama viti, hao hawana jina hata mmoja. Hakuna aliyeandika nyumba ilikuwa ya nani. Hakuna aliyeandika kama mama mwenye nyumba alimwita Petro akiwa mlangoni, na alimwita kwa jina gani, na kwa lugha ya nani. Wanaume wamegombana juu yake, barua imesafiri, dunia nzima inasoma, na yeye hayumo.

Utakaa na maprofesa. Watakuambia Ukristo ulikua kwa sababu ya barabara za Warumi na bandari na Kigiriki kilichoeleweka kila mahali. Sawa, waamini, wanajua. Watakuambia juu ya maaskofu na mabaraza, na yule mfalme aliyewapa makanisa makubwa ya mawe. Waulize kuhusu huyu aliyebaki mezani. Wakikuambia hakuna maandishi, usiwacheke, ni kweli hakuna. Lakini usikubali wasome haraka pale. Mimi nilisoma haraka pale maisha yangu yote, na nilikuwa na sababu. Mtu akipita mbio kwenye mistari fulani, mtazame vizuri.

Na jambo moja la baba, halafu nimalize, vidole vimekauka. Wewe ulibaki mezani ukiwa mtoto, nami kwa miaka nimekuchukia kidogo kwa hilo. Sasa nimesema. Kila nilipokutazama ukila, chakula chochote, niliona ile Jumapili. Ndiyo maana nilikuwa mkali nawe kuliko kaka zako, wala haikuwa kwa sababu u msichana, kama mama yako anavyodhani. Uliwahi kufanya jambo ambalo mimi nilishindwa, na hukulitaja hata siku moja mpaka nilipokulazimisha. Huko uendako watakuwepo watu watakaokuchukia hivyo. Chuki hiyo wataipa jina jingine, watasema una kiburi, wewe ni mgeni, hukulelewa. Usihangaike kutafuta kosa lako. Mara nyingine umekaa tu kwenye kiti chako.

Usiwe kama mimi kwenye kutaka kuwekewa mikono. Utaitaka, maana damu ni hiyo hiyo. Utakapoona watu wenye mikoba wanaingia na wewe unaanza kutafuta kijiko chini ya meza, basi umenifikia.

Nimerudi sasa kwenye sahani yetu. Nilikaa tangu jioni natafuta kwenye ile barua kama Petro alirudi. Alikaa tena na wale watu? Aliwaambia nini? Walisogea wakampa nafasi? Nimesoma kurasa za mbele na za nyuma. Haisemi. Paulo amemaliza maneno yake makali akaenda kwenye mambo ya sheria na imani, amemwacha Petro amesimama pale mpaka leo. Basi hakuna wa kumwiga. Lazima nifanye bila kuonyeshwa, na mimi nachukia hivyo, unanijua, hata hema la aina mpya huwa nataka nione kwanza la mwingine.

Kesho nitakuja Queensburgh. Nitapanda taxi yangu mwenyewe, sitaki kuandamana nanyi. Sitaingia. Nitasimama nje ya geti, nimevaa shati la kawaida, si la uchungaji. Wewe usitoke kunichukua. Mama yako asitoke. Na usimwombe MaNdlovu kwa ajili yangu, hata kwa macho, nakujua macho yako. Yeye aliniuliza swali na amengoja kujibiwa mpaka umekuwa mtu mzima. Nyumba ni ya kwao, sufuria ni lake. Akisema niingie, nitamjibu kwanza, pale pale getini, majirani wasikie, ndipo niingie nikae nawe nimege, na chochote kilichopikwa nitakula bila kuuliza kimetoka wapi.

Asiposema, mega na yeye. Ataijua maana ya sahani ile kuliko mimi nilivyoijua. Kula ushibe, safari ni ndefu, kisha toka na mabegi yako. Nitakuwa bado nje. Nitakubebea moja mpaka kwenye bus.

Papa yako